MAJENGO YETU NA HABARI ZAKE: Kanisa la Frere Town na Kengele Yake

Msomaji wa Garissa apandaye basi kwenda Mombasa kwa njia ya mto Tana hupita Hola na Garsen, akafika Malindi, kisha akaifuata barabara ya pwani mpaka karibu na daraja la Nyali. Kabla ya kuvuka daraja humsikia kondakta akiita, "Kengeleni! Kengeleni!" Wako watu washukao hapo kila siku kwenda soko la Kongowea, wala hawajauliza jina hilo lilitoka wapi. Juma hili twapenda kuwaeleza, maana jina hilo limetoka katika kengele ya kweli. Kengele hiyo ina kanisa lake, na kanisa hilo lilijengwa na watu waliokwisha kuuzwa kama mbuzi.

Tarehe 5 Juni, 1873, Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kukataza watumwa wasichukuliwe tena baharini. Manowari za Kiingereza zikawa zikikamata majahazi ya watumwa, lakini mara likatokea swali gumu: watu hawa waliookolewa wapelekwe wapi? Wengi walikuwa watoto. Kwao kulikuwa mbali, hata pande za ziwa Nyasa, na njia ya kurudia ilikuwa mikononi mwa wafanyi biashara wale wale waliowauza. Kumwambia mtu wa namna hii, "Haya, u huru, nenda zako," ni sawasawa na kumrudisha sokoni.

Basi chama cha wamisionari cha C.M.S. kilimtuma Bwana William Salter Price, akafika Mombasa mwisho wa mwaka 1874. Mwaka uliofuata ikanunuliwa ardhi Kisauni, bara, kuelekea kisiwa cha Mombasa, na mji huo mpya ukaitwa Frere Town kwa jina la Sir Bartle Frere, aliyetumwa na Serikali ya Uingereza kwenda Unguja kwa shauri la mkataba ule.

Bwana Price hakuanza kazi peke yake. Miaka mingi kabla ya hapo watumwa wengine waliookolewa baharini walipelekwa Bara Hindi, wakafundishwa kusoma na kazi za mikono, kama useremala na uhunzi, karibu na mji wa Nasik. Bwana Price aliwahi kuwa mkuu wao huko. Watu hawa, walioitwa Waafrika wa Bombay, walirudi pwani wakawa walimu na mafundi wa mji mpya. Wawili wao, William Jones na Ishmael Semler, walitiwa daraja ya ushemasi na Askofu Hannington mwezi wa Mei, 1885. Miezi michache baadaye Jones alifuatana na Askofu huyo katika safari ya Uganda. Askofu alipouawa Busoga, mwezi wa Oktoba, ni huyo Jones aliyewaongoza watu waliosalia katika safari ndefu ya kurudi pwani. Mtu aliyetekwa utotoni akauzwa, sasa aliaminiwa roho za wenzake.

Tuliangalie sasa jengo lenyewe. Kanisa la Emmanuel lilijengwa katika miaka ya 1880. Si kubwa, wala halina fahari ya Kanisa Kuu la Mombasa lenye kuba, lililofunguliwa mwaka 1905. Ni kanisa la kiungani, la watu waliolima mashamba yao na kuingia kusali wakiwa na udongo miguuni.

Mtu aliyezoea nyumba za Lamu atafahamu upesi ugumu uliowapata mafundi wa makanisa ya pwani. Jiwe la pwani ni tumbawe, na chokaa hupatikana kwa kulichoma tumbawe hilo hilo juu ya rundo la kuni. Ukuta wake huwa mnene, na nyumba huwa na ubaridi hata wakati wa kaskazi. Lakini paa la kizamani lilishikwa na boriti za mkoko, na boriti ya mkoko haipiti sana futi 9 au 10. Ndiyo sababu vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba. Kanisa halitoshi katika chumba chembamba, kwa kuwa watu wote hukutanika mahali pamoja wakielekea upande mmoja. Huko Mkunazini, Unguja, Askofu Steere aliushinda ugumu huo kwa kujenga paa la mviringo la saruji na mawe ya matumbawe. Makanisa madogo yalifuata njia nyepesi zaidi: mbao ndefu zilizounganishwa kuwa kenchi, na juu yake paa la mgongo. Hivyo kazi ya mwashi wa pwani na kazi ya seremala zilikutana katika nyumba moja.

Haifai kuwadanganya wasomaji kwamba Frere Town ilikuwa pepo. Sheria zake zilikuwa kali mno, na habari za watu kupigwa viboko kwa amri ya msimamizi zilifika mpaka Uingereza, hata Bwana Price akarudishwa tena kuja kutengeneza mambo. Hatari ya nje nayo ilikuwako. Watumwa waliotoroka mabwana zao walikimbilia misheni, na katika mwaka 1880 wenye watumwa wa Mombasa walikasirika wakatishia kuuangamiza mji.

Hapo ndipo kengele ilipopata kazi yake ya pili. Jumapili iliita watu kusali. Siku nyingine, kama wazee wasimuliavyo, ililia kwa haraka kuwaonya watu kwamba wateka watumwa wanakuja. Mwenye jembe aliliacha, mama alimshika mtoto, wote wakakusanyika. Mwaka 1907 Serikali iliondoa utumwa katika sheria za pwani, na kengele ikabaki na kazi moja. Chuo cha kufundishia makasisi kilichoanza hapo mwaka 1903 kilihamishwa Limuru mwaka 1930, na mji wa Mombasa ukaenea mpaka ukaizunguka Frere Town pande zote. Lakini jina la Kengeleni halikuhama.

Yako mambo mawili twapenda msomaji ayachukue. La kwanza ni la mikono. Ukuta wa tumbawe na chokaa hupumua: maji yaingiayo hutoka tena. Ukiupaka saruji, maji na chumvi hufungwa ndani, na ukuta huoza taratibu hali kwa nje wapendeza. Wenye kutunza nyumba za kale, ziwe makanisa, misikiti au maboma, na watumie chokaa.

La pili ni la moyo, nalo latugusa sisi wa Garissa. Tarehe 1 Julai, 2012, siku ya Jumapili, makanisa mawili ya mji wetu yalishambuliwa kwa bunduki na makombora ya mkono, na watu zaidi ya 15 wakafa. Baada ya msiba huo viongozi wa Kiislamu waliazimia kwamba vijana wao wasimame kuyalinda makanisa watu wakiwa ndani wanasali. Hakuna mwashi awezaye kujenga ukuta wa namna hiyo.

Kengele ya Frere Town haikuwa na nguvu ya kumzuia mtu yeyote. Ilikuwa chuma tu. Nguvu yake yote ilikuwa katika watu waliosikia wakaja. Basi, utakapopita Kengeleni safari nyingine, usihesabu nauli tu. Tazama nje dirishani, na kama una mtoto karibu nawe, mwambie jina hilo lilitoka wapi.