Wapangaji wa Mkuyuni, msichomeke jiko kwanza

Kama unapanga chumba Mkuyuni na umenunua jiko la umeme, usilichomeke kabla fundi hajafungua soketi na kuangalia waya uliomo. Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Kuachana na mkaa ni jambo jema sana. Ninachohofia ni vyumba vilivyofungiwa umeme wa taa na kuchaji simu, sasa vinabebeshwa mapishi.

Waya wa taa ni wa 1.5, yaani shaba ya milimita mraba moja na nusu. Soketi hutaka 2.5, na jiko kubwa huwekewa njia yake peke yake, ya 4 au 6. Sasa chukua jiko lako la wati 2,000, birika la jirani la wati 2,000 na pasi ya chumba cha tatu ya wati 1,000, vyote kwenye waya mmoja wa 1.5. Kwa volti 230 hizo ni karibu ampea 22. Mkondo ukiongezeka mara 2, joto la waya huongezeka mara 4. Plastiki inalainika taratibu ndani ya ukuta, wala huoni kitu, mpaka nyaya zigusane.

Breka ikikatakata, msikubali iwekwe kubwa zaidi. Breka ya ampea 32 itautazama tu waya wa 1.5 ukiungua.

Huku kwetu Mkuyuni, mlimani, kuna hatari nyingine. Fimbo ya ethi inatakiwa izame ardhini, lakini nyumba nyingi zimekaa juu ya mawe. Fimbo ikigonga mwamba, fundi asiye mwaminifu huikata na kufukia kipande. Hapo waya wa ethi, ule wa kijani na njano, haulindi mtu: jiko likivujisha umeme, anayeshika sufuria ndiye anayepigwa shoti.

Soketi ikiwa ya moto, ukisikia harufu ya plastiki, au taa ikififia jiko linapowashwa, zima meni swichi leo hii. Lala gizani, kesho mtafute fundi mwenye leseni ya EWURA. Wagongee na majirani uwaambie wasiwashe, kwa sababu huenda waya wenu ni huo huo mmoja.