Seva ya ofisi haihitaji mapya
Ofisi yenye bajeti finyu inayotafuta Linux ya seva huanza kwa kuuliza bei, ilhali nyingi ni za bure; swali zito ni nani anaweza kukatiza masasisho yake kabla ya wakati. Waliofunga CentOS 8, mojawapo ya Linux hizo za bure, walitarajia masasisho hadi 2029, kisha Desemba 2020 wakatangaziwa kwamba mwisho ni Desemba 2021. Ndiyo maana naegemea Debian: haimilikiwi na kampuni, inaendeshwa na watu wa kujitolea tangu 1993, na kila toleo thabiti hupata marekebisho ya usalama kwa takriban miaka 5. Watasema programu zake zimepitwa na wakati. Ni kweli, matoleo yake hugandishwa makusudi, ila mianya ya usalama huzibwa bila kuvuruga kazi, na seva ya mafaili na printa, tena kwenye kompyuta kuukuu, haidai zaidi ya hapo. Hoja yenye uzito ni kwamba hakuna wa kumpigia simu mambo yakiharibika. Basi tegemeo lenu ni fundi wenu: kama amezoea Ubuntu LTS, Linux nyingine yenye masasisho ya muda mrefu, chukueni hiyo. Ila msifunge toleo lililobakiza mwaka mmoja wa masasisho, na diski ya nakala rudufu nunueni kwanza.