Hedifoni haziivi kama ndizi

Haya wandugu, leo tuweke kando mambo ya kuandika programu tuongee kidogo juu ya masikio na mfuko.

Kuna imani moja inayozunguka sana kati ya wapenzi wa muziki na vifaa, nayo imefika hadi hapa Rongo. Ati hedifoni mpya haifai kuhukumiwa siku ya kwanza. Ati uiache ipige muziki saa 50, wengine husema 100, wengine 200, ndipo "ifunguke". Kabla ya hapo, kama besi imevimba au mwimbaji anasikika kama yuko ndani ya mtungi, vumilia tu, itaiva.

Mimi sikubaliani na imani hiyo. Msimamo wangu kwa kifupi ni huu: muda hauifanyi hedifoni kuwa nzuri, muda unaivunja. Kwa hiyo sauti ihukumu siku ile ile ya kwanza, na pesa zako zilipie zile sehemu zinazovunjika. Sasa nieleze.

Ndani kuna nini?

Ukifungua hedifoni ya kawaida utakuta sumaku, koili ya waya mwembamba, na kiwambo cha plastiki nyepesi. Umeme wa muziki ukipita kwenye koili, koili husukumwa na kuvutwa na sumaku, kiwambo kinatikisika, hewa inatikisika, nawe unasikia. Basi. Wanaoamini kuivisha husema kiwambo kipya ni kigumu na lazima kilegezwe kwa kuchezwa.

Wapenzi wa ohangla wataona kwa nini wazo hili linavutia. Ngoma ya ohangla ya asili huwambwa kwa ngozi ya kenge, na ngozi hunyonya unyevu. Ikilegea, ukiiweka juani au karibu na moto inakaza na mlio unabadilika. Hapo kuna sababu na kuna matokeo ambayo hata mtoto anayasikia. Lakini utando wa plastiki wa hedifoni haunyonyi mvua ya Rongo. Hata spika kubwa ya matatu, yenye koni nzito inayoshikiliwa na kitambaa na mpira, hulegea kidogo inapoanza kutumika, na mabadiliko hayo yanapimika. Kiwambo cha hedifoni ni kidogo, chepesi, na mwendo wake ni wa sehemu ndogo ya milimita. Hakina mzigo wa namna ile.

Sisi wa kompyuta hatukatai wazo la kupasha moto. Programu ya Java huanza polepole kisha inaongeza kasi, kwa sababu mashine pepe ya Java inatazama ni sehemu zipi zinaitwa mara nyingi na kuzigeuza kuwa lugha ya prosesa yenyewe. Sababu tunaijua na matokeo tunayapima. Na viwandani, vifaa vya elektroniki huwashwa makusudi kwa saa nyingi, mara nyingi katika joto kali, kabla ya kuuzwa. Lengo lake ni kwamba vilivyo dhaifu vife humo humo kiwandani, visije vikafia mikononi mwa mteja. Tazama vizuri: kupasha huko hakuboreshi kizima, kunafichua kibovu. Wauza hedifoni wameligeuza jambo hili kichwa chini.

Vipimo vinasemaje?

Watu wamepima. Tyll Hertsens, aliyekuwa mhariri wa InnerFidelity, aliwahi kuichezesha AKG Q701 mpya saa nyingi huku akiipima tena na tena. Hakusema hakuna kitu kabisa. Alichokiona ni mabadiliko madogo sana. Kampuni ya Shure nayo imewahi kueleza kwamba ilipima hedifoni zake za E1, zilizotoka mwaka 1997, baada ya kutumika sana, ikakuta vipimo ni vile vile. Na yeyote anayepima hedifoni atakuambia kwamba ukiivua na kuivaa tena, ikakaa nusu sentimita pembeni, utapata tofauti kubwa kuliko hiyo ya kuivisha.

Sasa mbona watu waaminifu wanaapa kwamba wamesikia hedifoni zao zikibadilika? Ziko sababu mbili, na zote ni za kweli.

Ya kwanza ni mito. Sponji ya masikioni hulainika na kufuata umbo la kichwa chako. Ikiziba vizuri zaidi, besi inaongezeka. Hapo kuna kilichobadilika, ila ni mto na si kiwambo, na jambo hilo hutokea kichwani mwako, si kwa kuiacha hedifoni ipige kelele peke yake kwenye droo usiku kucha.

Ya pili ni ubongo. Ukihamia karibu na kinu cha posho, wiki ya kwanza hulali. Wiki ya tatu hukisikii tena. Kinu hakijapunguza sauti, ni wewe uliyezoea. Tena macho nayo yanasikiliza: mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive walionyesha kwamba watu wale wale, wakisikiliza spika zile zile, hutoa alama tofauti wanapoziona na wanapofichwa zisionekane. Na hao walikuwa watu wa kampuni ya sauti.

Ukitaka kujaribu mwenyewe, njia ipo. Wewe na jirani yako nunueni jozi mbili za aina moja. Moja ichezwe saa 100, nyingine ibaki kwenye kasha. Kisha jifunge kitambaa machoni, mtu wa tatu akuvalishe moja au nyingine kwa kurusha sarafu, mara 10, nawe useme ni ipi. Anayebahatisha atapata 9 au zaidi kati ya 10 kwa uwezekano wa 11 katika 1,024, yaani kama asilimia 1. Ukipata 6, ndugu yangu, hujasikia kitu. Hata ukipata 9, badilisheni jozi nyingine mrudie, maana jozi mbili zilizotoka kiwanda kimoja hazilingani kabisa hata zikiwa mpya zote.

Nani anafaidika?

Hapa ndipo jambo linapoacha kuwa mzaha. Piga hesabu: saa 200 kwa mtu anayesikiliza saa 3 kwa siku ni siku 67. Ukiziacha zikipiga usiku na mchana bila stima kupotea, bado ni siku 8 na zaidi. Duka linalokubali kurudishiwa bidhaa mara nyingi hukupa siku chache tu, pengine saba. Kwa hiyo ukimtii anayekuambia "zipe muda, kaka, zitafunguka", siku ya kufunguka itafika wakati mlango wa kurudisha umeshafungwa.

Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa. Haki hiyo hailindwi na mtu aliyekaa kimya miezi miwili akingoja plastiki iive. Kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo aliyekusanya shilingi 2,500 kidogo kidogo, kasoro iliyosikika siku ya kwanza na ikanyamaziwa ni pesa iliyokwenda.

Na bei je?

Wengine watasema: "Basi nunua ya ghali, utaepuka hayo yote." Polepole.

Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha katika jarida la chama cha wanaakustika cha Marekani vipimo vya hedifoni 283 za bei mbalimbali. Alitafuta uhusiano kati ya bei na jinsi hedifoni inavyogawa sauti nzito, ya kati na nyembamba. Hakuupata. Bei haikutabiri kitu. Kwa upande wa sauti, basi, lebo ya bei si ushahidi.

Vipi kuhusu uimara? Hapa bei inasema ukweli, lakini nusu tu. Mwaka 2015 kampuni ya Bolt ya Marekani ilifungua Beats iliyouzwa dola 199. Walikuta vipande vya chuma ambavyo, kwa maoni yao, vilikuwepo zaidi kwa ajili ya kuongeza uzito ili mnunuzi ahisi ameshika kitu cha maana. Kisha ikagundulika kwamba ile waliyoifungua ilikuwa feki! Wakanunua halisi, wakaifungua pia, wakakuta nayo ina vipande vya chuma vya namna hiyo, na makadirio yao ya gharama ya vipuri yalikuwa kama dola 20. Tuwe waadilifu: hesabu hiyo haina mishahara, usanifu, usafiri wala matangazo. Lakini fundisho ni kubwa kwetu tunaonunua Luthuli Avenue au kwa wachuuzi wa steji: uzito mkononi si uimara, na feki inaweza kuigiza uzito bila shida.

Sasa linganisha na Sony MDR-7506. (Najua huku kwetu ukisema Sony bila kufafanua mtu anafikiri sukari ya Awendo. Mimi nasema ile ya Japani.) Ilitoka mwaka 1991 na imetumika studio na vituo vya redio kwa miongo. Ni plastiki, ni nyepesi, waya wake umejikunja kama wa simu ya mezani. Haina urembo. Mito ikichakaa unanunua mingine. Sennheiser HD 25 ya mwaka 1988 nayo hufunguka vipande vipande: waya, mito, hata spika zenyewe vinanunuliwa kimoja kimoja. Huo ndio uimara. Kitu cha kudumu ni kile kinachokubali kutengenezwa.

Maana hedifoni hufa wapi? Muulize fundi yeyote wa simu hapa mjini. Waya hukatikia penye jeki, kwa sababu unakunjwa mfukoni kila siku na shingo yake ya mpira ni fupi au haipo. Bawaba ya kukunjia hupasuka. Mito humenyuka ngozi. Kiwambo chenyewe mara chache sana, isipokuwa umekipigia sauti kupita kiasi ukidai unakiivisha. Ngoma ikivuma sana hupasuka.

Hebu tupige hesabu ya mfano. Za shilingi 150 zinazokufa kila mwezi ni shilingi 1,800 kwa mwaka. Za shilingi 2,500 zenye waya wa kuchomoa, zikadumu miaka 3, ni kama shilingi 833 kwa mwaka. Za shilingi 30,000, hata zikidumu miaka 6, ni 5,000 kwa mwaka. Kutoka ngazi ya kwanza hadi ya pili umelipia uimara. Kutoka ya pili hadi ya tatu huenda umelipia starehe, ufundi wa mkono, au jina. Si dhambi kulipia jina, mradi ujue unacholipia.

Zile zisizo na waya kabisa ni habari nyingine. Humo muda unahesabiwa na betri, nayo kila ukichaji inapungua kidogo. Nyingi zimegundishwa kwa gundi, za rahisi na za ghali sawasawa, kwa hiyo betri ikifa kifaa kizima kinatupwa. Umoja wa Ulaya umetunga sheria mwaka 2023 inayotaka betri za vifaa vya mkononi ziweze kutolewa na mtumiaji, kuanzia Februari 2027. Nasi tungefaidika na sheria ya aina hiyo.

Kabla hujalipa

1. Nenda na simu yako na wimbo unaoujua. Mimi napendekeza benga, kama D.O. Misiani na Shirati Jazz. Magitaa yanajibizana juu ya besi inayotembea. Hedifoni mbovu itayafanya yawe uji mmoja.
2. Sikiliza kushoto peke yake, kisha kulia. Sauti ya mwimbaji ikae katikati.
3. Wimbo ukiendelea, kunja waya taratibu karibu na jeki. Ikikwaruza, rudisha mezani.
4. Fungua na kufunga bawaba mara tano.
5. Uliza: waya unachomoka? Mito inabadilishwa? Ikiwa jibu ni ndiyo, uliza vipuri vinauzwa wapi.
6. Dai risiti, na ulizia siku za kurudisha kabla ya kutuma pesa kwa M-Pesa.

Ukifika nyumbani sikiliza tena siku hiyo hiyo, chumba kikiwa kimya. Kama huipendi leo, irudishe leo au kesho. Ndizi mbichi ukiifunika itaiva. Hedifoni mbaya ukiifunika utaikuta mbaya vile vile, na risiti imepitwa na wakati.

Hayo ni yangu. Mwenye jozi mbili na subira ya kufanya lile jaribio la kufunga macho, alete matokeo tuyajadili.