Hati Ukutani Si ya Yule Anayekuchua

Ukiingia katika vyumba vya masaji vilivyo kwenye orofa za majumba ya katikati ya Nairobi, huenda jambo la kwanza utakaloliona ni hati ya biashara ya kaunti, imetiwa fremu na kutundikwa nyuma ya meza ya karani. Wengi wetu tukiiona hutulia. Tunavua shati na kulala kifudifudi.

Je, umewahi kuisoma? Hati hiyo ni ya biashara na mahali ilipo. Haisemi lolote juu ya yule atakayekushika shingo.

Mimi niliisoma baada ya kuchuliwa, mgongo ukiniuma kuliko nilivyokuja. Nikamwuliza binti aliyenihudumia alisomea wapi kazi hiyo. Alinijibu kwa adabu, bila kuficha, kwamba aliajiriwa kufua taulo, na mwenzake alipoacha kazi akaambiwa aingie chumbani. Alijifunza kwa kuchungulia. Hakuwa ameniuliza kama nina ugonjwa wowote, nami ni mtu wa shinikizo la damu. Simlaumu, kwani hakuna aliyemtaka ajue.

Na yapo ya kujua. Mguu mmoja ukivimba, ukauma na kuwa moto, huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Ukichuliwa, donge hilo laweza kung'oka, likasafiri hadi mapafuni na kumwua mtu ghafla. Shingo ikizungushwa kwa nguvu, mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo waweza kuchanika. Ni nadra, lakini hutokea. Mwenye homa, mwenye ugonjwa wa ngozi unaoambukiza, mama mjamzito: kila mmoja ana mambo yake ya kuangaliwa. Mchuaji aliyefunzwa huuliza kwanza, ndipo anapaka mafuta.

Sasa mfikirie yule anayekupikia chapati hotelini. Sheria inamtaka apimwe afya kila miezi 6 na awe na cheti. Wanafiziotherapia nao, tangu sheria yao ya mwaka 2014, husajiliwa na baraza lao. Mchuaji wa mtaani hana wa kumsimamia. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, ilizipa kaunti kazi ya kutoa leseni za biashara, lakini ikasema waziwazi kwamba usimamizi wa taaluma haumo. Basi kaunti hupigia duka muhuri, na serikali kuu haijaunda baraza la wachuaji.

Najua utakaloniambia, kwamba karatasi moja zaidi ni mlango mmoja zaidi wa kitu kidogo. Ni kweli, na wenye biashara ndogo wanalijua hilo kuliko mimi. Ndiyo maana nasema kadi iwe ya mchuaji mwenyewe, wala si ya mwenye duka: yenye picha yake, mtihani aliopita na tarehe aliyopimwa afya. Akihamia duka jingine anakwenda nayo. Ada iwe ndogo. Mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, huwatahini mafundi hata waliojifunzia kazini bila kuingia chuoni, kwa hiyo yule binti wa taulo hangelazimika kufukuzwa. Angetahiniwa.

Kadi hiyo ingemfaa yeye kabla ya kukufaa wewe. Polisi wakija kutafuta madanguro, mchuaji wa halali hana cha kuonyesha. Mteja mwenye tamaa akimtaka ampe huduma nyingine, hana cha kumwelekezea kidole. (Wanaume wenzangu, hapa tusijifanye wageni.)

Kaunti zisingoje Bunge. Hati ya biashara hulipiwa upya, na hapo ndipo ofisa wa afya ya umma angeweza kudai orodha ya wafanyakazi na vyeti vyao kabla ya muhuri kupigwa. Si lazima ajenge ofisi mpya.

Nawe, safari ijayo, mwulize anayekuhudumia alifunzwa wapi, kisha mweleze una ugonjwa gani na unameza dawa gani, hata asipokuuliza. Ikiwa ni mguu uliovimba unaokupeleka huko, geuza njia uende hospitali siku hiyo hiyo.