Pampu ya maji: kubwa siyo lazima iwe bora



Katika nyumba nyingi za Mbezi Beach swali la kwanza la asubuhi ni hili: "Juu kuna maji?" Maji ya bomba kutoka mtambo wa Ruvu Chini hupokelewa kwanza katika tangi lililojengwa ardhini, kisha pampu huyapandisha hadi tangi la plastiki lililo juu ya mnara, na kutoka huko hushuka yenyewe jikoni na bafuni. Waliokuwapo Oktoba 2022, wakati DAWASA ilipotangaza mgao baada ya maji ya Mto Ruvu kupungua, hawahitaji kuambiwa thamani ya tangi lililojaa.

Mama mmoja wa huko ametuuliza jambo ambalo tunaamini linawasumbua wengi. Pampu yao imeungua. Fundi anasema ya nusu hospawa yatosha. Baba watoto anataka ya hospawa mbili, kama ya jirani. Fedha zipo, zimetoka katika kikoba, lakini ndizo hizo hizo zinazosubiriwa na sare za shule. Anauliza, amsikilize nani?

Jibu letu ni kwamba asimsikilize yeyote kabla ya kupima. Vipimo ni viwili tu, na kila mama anaweza kuvichukua.

Kimo

Chukua futi kamba. Pima kutoka usawa wa maji ya chini kabisa katika tangi la ardhini hadi mdomo wa bomba linaloingia tangi la juu. Tuseme ndani ya ardhi ni mita 2, mnara ni mita 6, na tangi lenyewe lina urefu wa mita 1 na nusu. Jumla ni mita 9 na nusu. Ongeza kama robo yake kwa ajili ya maji kukwaruzana na bomba na kupita kwenye kona. Unapata mita 12.

Sasa soma kibandiko cha pampu dukani. Utaona herufi H yenye mita, na Q yenye lita kwa dakika. Hapa wengi hudanganyika. Ile H kubwa kabisa ni kimo ambacho pampu ikifika hapo haitoi hata tone. Na ile Q kubwa kabisa ni maji inayotoa ikiwa haipandishi popote. Pampu hufanya kazi vizuri katikati. Kwa hiyo ukihitaji mita 12, tafuta iliyoandikwa mita 25 au zaidi kidogo. Pampu nyingi za nusu hospawa hufika hapo bila shida.

Wingi wa maji

Jiulize tangi la juu linachukua lita ngapi na unataka lijae kwa muda gani. Pampu ikitoa lita 25 kwa dakika, tangi la lita 2,000 hujaa kwa dakika 80. Pampu ya nusu hospawa hula yuniti moja ya umeme kwa karibu saa mbili, basi tangi zima umelijaza kwa chini ya yuniti moja. Ya hospawa mbili huimaliza yuniti hiyo kwa takriban nusu saa.

Utasema, lakini itajaza upesi zaidi. Ni kweli, iwapo bomba lako ni pana. Kama ni la nusu inchi, maji hayapiti. Ukitaka kupitisha maji mara mbili katika bomba lile lile, ukinzani wake huongezeka karibu mara nne, na nguvu uliyoilipia huishia katika kelele na joto. Mara nyingi kubadili bomba kuwa la inchi moja husaidia kuliko kununua mota kubwa. Na bomba la kunyonya lisiwe jembamba kuliko mdomo wa pampu.

Wenye visima

Wale wanaotumia visima vifupi karibu na bahari wawe waangalifu zaidi. Pampu ikivuta upesi kuliko kisima kinavyojijaza, hunyonya hewa na mchanga. Baya zaidi, maji ya chumvi yaliyo chini husogea juu kushika nafasi ya yale matamu. Huko pampu ndogo inayofanya kazi taratibu ndiyo inayolinda kisima. Kumbuka pia kwamba pampu iliyokaa juu ya ardhi hainyonyi vizuri maji yaliyo chini zaidi ya mita 7 hivi, hata iwe na hospawa ngapi. Kisima kirefu kinataka pampu ya kuzama.

Wenye vidimbwi vya samaki bustanini wageuze hesabu. Maji hayapandi juu sana, hivyo angalia lita. Pampu iweze kuzungusha maji yote ya kidimbwi mara moja kwa saa moja au mbili. Kama kuna kisanduku cha kukusanya majani juu ya maji, pampu isizidi uwezo wa mdomo wake, la sivyo kisanduku hukauka na pampu kunyonya hewa.

Kabla ya kuwasha

Mlipie fundi akufungie boya la kuzima pampu maji ya chini yanapoisha. Pampu inayozunguka kavu huharibika kwa muda mfupi, na huenda ndivyo ilivyoungua ile ya msomaji wetu. Aweke valvu ya kuzuia maji yasirudi, waya wa ethi, na swichi ya kukata umeme mahali pasipofikiwa na watoto.

Tena, tunawasihi msiunge pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa. Pampu hiyo huvuta uchafu kupitia nyufa za mabomba na kuwaacha majirani wakavu. Acheni maji yaingie yenyewe katika tangi lenu kwanza.

Kwa dada yetu aliyetuuliza: usibishane na mwenzako mbele ya fundi. Mwombe akushikie ncha ya pili ya futi kamba. Andikeni pamoja kimo na lita, mwende dukani wote wawili na karatasi hiyo mkononi. Kwa nyumba ya chini yenye mnara wa kawaida, tunatarajia nusu hospawa itawatosha, na sare zitanunuliwa. Kama nyumba ni ya ghorofa, hesabu yenyewe itawaambia mpande.

Mwisho, fedha ikibaki, nunueni mfuniko wa chuma wenye kufuli kwa ajili ya tangi la ardhini. Mfuniko wa mbao uliooza au bati lililoegeshwa tu haumzuii mtoto wa miaka mitatu, naye huzama kimya, bila kelele ya kumshtua aliye jikoni. Fundi akimaliza kazi, asiondoke kabla hujaona kufuli limefungwa, na ufunguo ukae kwako.

Tukutane mwezi ujao.