Pumu Hulala, Haifi

Kuna neno moja ambalo nimelitumia vibaya kwa muda wa miaka 30, ilhali mimi ni mtu anayelipwa mshahara kwa kuyachunguza maneno. Neno lenyewe ni "kupona".

Nilipokuwa mtoto, pumu ilinisumbua mno. Usiku wa baridi mama alikuwa akiniketisha karibu na dirisha, mbali na moshi wa mafiga, akinisugua mgongo hadi kifua kilegee. Nilipoingia kidato cha kwanza maradhi hayo yalitoweka. Nikacheza kandanda, nikapanda milima, nikajitangazia kwamba nimepona.

Mwezi wa Julai mwaka jana, nikiwa na umri wa miaka 45, nilishikwa na mafua wakati ambapo jengo letu la mihadhara lilikuwa likipakwa rangi. Mafua yaliisha, kikohozi kikabaki. Usiku wa manane niliamka kifua kimebana, kikilia mluzi. Daktari wa kwanza aliniandikia dawa ya kikohozi, kwa kuwa aliponiuliza kama niliwahi kuugua kifua nilimjibu kuwa sijawahi. Wanafunzi wangu nao niliwaambia kuwa ni baridi tu.

Siku moja nilishindwa kuimaliza sentensi niliyoianza mbele yao. Baada ya kipindi, mwanafunzi mmoja wa kike alinisubiri mlangoni, akaniambia kwa adabu: "Samahani Mwalimu, hiyo si baridi. Ni pumu. Hata mimi ninayo." Nilipomuuliza kwa nini sijamwona hata siku moja na kile kifaa cha kuvutia dawa ambacho wengi hukiita inhela, alijibu kwamba hukificha tangu shule ya upili. Huko mwalimu mmoja alimwambia mbele ya wenzake kuwa ni mvivu anayetafuta kisingizio cha kutokimbia.

Nilirudi hospitalini na kusema ukweli, nikapimwa, na ikathibitishwa kuwa ni pumu. Nilielezwa kuwa watoto wengi wenye pumu hupata nafuu wanapobaleghe, lakini kwa baadhi yao njia za hewa hubaki na wepesi wa kushtuka. Kisha, baada ya miaka mingi, mafua, vumbi, moshi, harufu kali ya rangi au hewa ya baridi huyaamsha maradhi. Njia hizo huvimba kwa ndani, misuli yake hukaza, ute huzidi, na pumzi hukosa pa kupita.

Waama, Kiswahili kimeyaweka maneno pumu, pumua, pumzi na pumzika katika ukoo mmoja. Ningalisema kuwa pumu yangu "imetulia" badala ya "nimepona", daktari wa kwanza angalijua pa kuanzia. Neno likikosewa, tiba nayo hukosewa.

Lipo kosa jingine. Wengi wetu huamini kwamba inhela ni dawa ya mgonjwa aliyefika ukingoni, na kwamba anayeianza hawezi kuiacha. Imani hiyo haina msingi. Dawa inayovutwa hufika moja kwa moja mapafuni, na kwa hiyo kiasi kidogo hutosha. Zipo za kufungua njia za hewa kwa haraka, na zipo za kupunguza uvimbe wenyewe. Mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa uitwao GINA ulibadilishwa, ukashauri kwamba watu wazima na vijana wasitegemee dawa ya kufungua njia peke yake, bali wapate pia ile ya kupunguza uvimbe. Hili si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika mwaka huo huo wa 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu, na 455,000 walifariki kwa sababu yake.

Walimu wenzangu, tuwajue wanafunzi wetu wenye pumu. Inhela isifungiwe kabatini ofisini. Ikae mfukoni mwa mwenyewe, uwanjani na hata katika chumba cha mtihani. Anayeshikwa asilazwe chali, bali aketi wima, avute dawa yake, na asipopata nafuu akimbizwe hospitalini. Wala tusimnyime michezo, kwa maana pumu iliyodhibitiwa haimzuii mtu kukimbia.

Nanyi wanafunzi, wahenga walituachia onyo kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha nikiwa na shahada ya uzamifu, nikafunzwa na msichana wa mwaka wa pili. Siku hizi inhela yangu huiweka juu ya meza ya mhadhara, kando ya vitabu, kila mtu aione. Wiki iliyofuata ya pili ilitokea juu ya dawati la safu ya tatu.