Lori la Mafuta Likianguka, Usibebe Ndoo

Shule zikifungwa wengi wenu mtafunga safari ya kwenda nyumbani Kisii na Nyamira. Mtapita Keroka, mji ulio mpakani mwa kaunti hizo mbili, na huenda mkatanguliwa na lori la mafuta likipanda mlima polepole. Leo nataka tuzungumze juu ya mzigo huo.

Malori yanayojaza mafuta Kisumu hupitia Ahero, Sondu na Oyugis hadi Kisii. Barabara zetu zina kona na miteremko, na mvua haituhurumii. Lori likipinduka, mafuta hutiririka bondeni, na bondeni ndiko kwenye nyumba za watu.

Tukumbuke Sachang'wan, karibu na Molo. Tarehe 31 Januari 2009 lori la petroli lilianguka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka. Zaidi ya watu 100 waliangamia. Agosti 2019 yakatokea yayo hayo Morogoro, Tanzania, na waliokufa walikuwa takribani 100. Julai 2021 ikawa zamu ya Malanga, Kaunti ya Siaya, ambako watu wasiopungua 13 waliteketea. Mafuta ya bure yaliwagharimu roho zao.

Kwa nini petroli huua upesi hivyo? Kinachoshika moto kwanza ni mvuke wake, nao hauonekani. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hivyo hutambaa chini na kujaa mitaroni. Cheche ya pikipiki iliyo mbali na lori yatosha kuuwasha. Ukidhani uko salama kwa kuwa hujagusa mafuta, umejidanganya.

Wenye malori wana sheria zao. Gari na dereva wa mafuta sharti wawe na kibali cha EPRA, yaani Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli. Lori huwa na alama za hatari na vizima moto. Ukiona bamba la rangi ya machungwa lenye namba 33 juu na 1203 chini, jua hiyo ni alama ya kimataifa ya petroli. Wafundishe watoto kuitambua.

Lakini tusiwalaumu madereva pekee. Ni mara ngapi umepanda matatu ukasikia harufu ya petroli, kumbe chini ya kiti kuna mtungi wa plastiki unaopelekwa kijijini? Ni mara ngapi dawa ya kunyunyizia mimea imefungwa pamoja na unga wa ugali? Mwambie utingo autoe mtungi huo, na asipokubali, shuka. Nauli ya pili ni nafuu kuliko jeneza.

Mtungi wa gesi nao usafirishwe ukiwa umesimama wima, umefungwa usibingirike, valvu imefungwa barabara, mahali penye hewa. Usiulaze kwenye buti la gari lililofungwa, wala usiupakate kwenye bodaboda. Dawa za shamba zikae mbali na chakula, katika chupa yake yenye karatasi ya maelezo. Usizitie katika chupa ya soda.

Na lori likianguka mbele yako? Zima injini, usivute sigara, usichezee simu papo hapo. Ondoka kwa miguu upande upepo unakotoka, upande mlima wala si bondeni, hadi mita 300 hivi. Hapo ndipo upige 999 au 112, na uwazuie wanaokuja.

Mzazi, jioni ya leo kabla ya chakula, waulize watoto wako watafanya nini wakiona jirani anatoka mbio na ndoo kuelekea lori lililoanguka. Wakijibu kwamba watamfuata, anza somo upya. Tahadhari kabla ya hatari.

Kwaherini, hadi Jumapili ijayo.